Grenda Yenye Meno

Asubuhi za nyumba ile zilianza kwa kelele. Kabla chai haijachemka, Baba alikuwa ameshaanza kupiga randa katika karakana nyuma ya nyumba, na Baba Mdogo alikuwa ameshaanza kugombana na kitu fulani. Kama si mlango unaokwama, ni shati lililokosa kifungo. Kama si shati, ni nzi. Watu wa mtaani walimwita Radi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kazi ya kufagia vumbi la mbao ilikuwa ya Msumari. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya wembamba wake na ugumu wa kichwa chake, na binti huyo wa miaka kumi na miwili alilipenda kuliko jina lake la shule. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alishinda karakanani akifagia, akishika ncha za mbao na kuuliza maswali mpaka watu wazima wakachoka kumjibu.

Likizo hiyo palikuwa na kazi kubwa nyumbani. Baba na mdogo wake walikuwa wametandika sakafu za mbao katika nyumba za watu wengi, lakini sebule yao wenyewe ilikuwa ya saruji iliyobomoka, na kibaraza cha nyuma kilikuwa na shimo ambamo Mama aliwahi kuteguka mguu. Mama alikuwa mshonaji, mtu wa maneno machache. Alisema mara moja tu, “Likizo hii haitaisha kabla sijakanyaga mbao.” Basi wakaanza kubomoa. Radi aliishambulia ile saruji kwa nyundo kubwa kana kwamba imemtukana, vipande vikaruka mpaka kwenye kuta, na kabla ya jioni sebule ilikuwa kifusi kitupu.

Kubomoa ni rahisi. Balaa lilianza kwenye kukata mbao, kwa kuwa msumeno wao wa umeme ulikuwa umeungua mota.

Asubuhi moja Msumari aliingia karakanani na ufagio wake, akamkuta Baba Mdogo amepiga magoti mbele ya grenda. Grenda ni mashine ya mkononi ya kukatia na kusugulia chuma. Radi alikuwa ameng'oa diski yake ya chuma na kufunga diski nyingine, pana, yenye meno makali ya kukatia mbao. Diski hiyo ilikuwa pana mno, haikuenea ndani ya kinga, lile kava linalomlinda fundi. Radi hakusumbuka. Alifungua kinga akaitupa chini ya meza.

“Baba Mdogo, na hiyo kinga?” Msumari aliuliza.

“Kinga ni ya waoga.”

“Basi mimi ndiye mwoga,” ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Baba. “Ng'oa diski hiyo sasa hivi.”

Radi alisimama. “Kaka, tunahangaika na msumeno mpya wa nini? Hii inakata kila kitu. Mafundi wote wa mtaani wanafanya hivi.”

“Nenda ukahesabu vidole vya mafundi wote wa mtaani, halafu urudi tuzungumze.”

“Unaniona mtoto!”

“Nakuona mtu mwenye mikono miwili, na nataka ubaki nayo.”

Mtu mwingine angecheka. Radi alirusha spana. Hakumlenga mtu, lakini ilipita karibu na sikio la Baba na kuvunja kioo cha dirisha. Baba, ambaye siku zote alikuwa mpole, siku hiyo uvumilivu ulimwishia. Alimkwida mdogo wake, wakaanguka wote wawili juu ya rundo la mbao, kopo la gundi likapinduka, na ngumi zikaanza. Radi alipiga pua ya kaka yake ikatoa damu. Baba alimgandamiza chini kwa goti na kumpiga kofi moja, la pili, la tatu. Msumari alipiga kelele mpaka koo likamwuma.

Mama alitokea na ndoo ya maji ya kufulia. Hakuuliza nani kaanza. Aliwamwagia yote, povu na kila kitu.

“Mkitaka kuuana, nendeni mkauane barabarani,” alisema. “Hapa nyumbani kwangu, hapana.”

Wale ndugu waliachana wakihema, wamelowa chepechepe. Baba alijifuta damu kwa mkono wa shati. “Nisikilize vizuri,” alimwambia mdogo wake. “Siku nitakayojua umefunga tena meno kwenye grenda, siku hiyohiyo utabeba godoro lako. Hutaondoka karakanani tu. Nyumbani kwangu pia utahama.”

Radi aliufyata. Hakuwa na pengine pa kwenda. Wazazi wao walipofariki alikuwa bado anavaa kaptura za shule, na Baba ndiye aliyemlea. Msumari naye alikuwa amesikia yote. Baba Mdogo ndiye aliyemfundisha kushika nyundo, ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati alipougua homa. Kwa yule binti, nyumba bila kelele zake isingekuwa nyumba. Tangu dakika hiyo alikuwa na hofu moja tu: Baba Mdogo asifukuzwe.

Mchana Baba alimchukua Msumari kwenda duka la vifaa. Pua yake ilikuwa imevimba, na muuza duka alikuwa na adabu ya kutoiulizia. Aliwawekea misumeno mitatu ya umeme juu ya kaunta.

“Chagua wewe,” Baba alimwambia binti yake. “Lakini uniambie sababu.”

Msumari aliitazama kwa zamu. Wa kwanza ulikuwa na kisu chembamba kinachopanda na kushuka. “Huu ni wa kona na mikato ya mviringo,” alisema. “Utatufaa kuzunguka nguzo za kibaraza, lakini kwenye mstari mrefu utayumba.” Wa pili ulikuwa umesimama juu ya meza yake ndogo, unashushwa juu ya ubao kama anayekata mkate. “Huu unakata ncha za mbao vizuri, hata kwa mshazari. Ila hauwezi kuupasua ubao kwa urefu, na ubao wa mwisho kule ukutani lazima upasuliwe.”

“Haya, endelea.”

Alishika wa tatu, msumeno wa duara, mzito kuliko alivyodhani. Muuza duka alimwonyesha jinsi kinga yake inavyojifungua inapogusa ubao, na kujifunga yenyewe, pa, mara ubao unapokwisha. Una mishikio miwili, kwa hiyo mikono yote miwili inakaa mbali na meno.

“Huu,” Msumari alisema. “Unakata ncha na unapasua. Na ukikosea, wenyewe unajifunika.”

Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, ingawa pua ilimwuma. Alilipa. Lakini ule wa kaunta ulikuwa wa maonyesho, na mpya ungeletwa kesho yake kutoka ghalani. Angekuwa nao siku hiyohiyo, hadithi hii isingekuwepo.

Kesho yake Baba alitoka asubuhi kuufuata, na Mama akaenda kwenye chumba chake cha kushonea kule sokoni. Mara tu walipopotea kwenye kona, Radi alivuta gunia chini ya meza na kuitoa grenda. Meno yalikuwa yameshafungwa.

“Baba Mdogo, umeahidi!”

“Mimi sijaahidi. Yeye ndiye aliyeropoka.” Akachomeka waya ukutani. “Kaka akirudi na mzigo wake atakuta mbao zote zimeshakatwa. Atajionea mwenyewe. Wewe shika ncha, na ufunge mdomo. Au unataka nifukuzwe?”

Msumari hakutaka afukuzwe. Alishika ncha.

Grenda ilinguruma, ikalia kwa sauti inayokwaruza meno ya msikilizaji. Ilizipita mbao kwa pupa, vumbi likawarukia machoni, na kila ubao uliokatika ulidondoka kwa kishindo. Radi alicheka. Ni kweli ilikuwa haraka. Rundo la mbao zilizokatwa lilikuwa limefika magotini, na Radi alikuwa ameizima mashine ili apime ubao mwingine, waliposikia lango la uani likifunguliwa. Radi akaisukumia chini ya gunia.

Baba alikuwa amesahau risiti. Aliichukua rafuni, akageuka kutoka, halafu akaliona lile rundo.

“Mmezikata zote hizi?”

“Tumejitahidi, Kaka,” Radi alisema.

Baba hakumtazama Radi. Alimtazama binti yake. “Mmekata kwa kifaa gani?”

Msumari aliona macho ya Baba Mdogo nyuma ya bega la Baba. Aliona godoro limekunjwa, chumba kitupu, nyumba kimya. “Kwa msumeno wa mkono, Baba,” alisema. “Tumepokezana.”

Baba alimwamini, kwa sababu mtoto yule hakuwahi kumdanganya. Alimpapasa kichwani, akasema, “Hongera, mwanangu,” akaondoka. Pongezi ile ilimchoma Msumari kuliko kofi. Alitaka kumkimbilia barabarani na kumwambia, lakini nyuma yake Radi alikuwa ameshaivuta tena grenda kutoka chini ya gunia.

Baba alipokuwa ameshafika mbali, Radi alianza kuupasua ubao kwa urefu. Alikuwa ameuegemeza ncha zote mbili juu ya viti, katikati hapana kitu. Mkono wa kushoto ulibana ubao, wa kulia ulishika grenda. Alipofika katikati, ubao ulilegea kwa chini, na ule ufa uliokatwa ukajifunga na kuyabana meno. Grenda ilipiga teke. Iliruka kutoka kwenye ubao, ikampokonya Radi, ikapita juu ya mkono wake wa kushoto na kuangukia sakafuni ikiwa bado inazunguka. Swichi ilikuwa imenasa upande wa kuwasha. Ilikimbia huku na huku ikiuma mbao, ikikata mguu wa kiti, ikimfuata mtu yeyote aliye karibu.

Radi alinguruma kuliko mashine. Damu ilimwagika juu ya rundo la mbao, ikaruka ukutani, ikamchafua Msumari usoni. Msumari alirukia ukutani na kuchomoa waya. Grenda ilizunguka kidogo, ikajipiga kwenye nguzo, ikatulia.

Kilichofuata alikifanya bila kufikiri, kama walivyofundishwa darasani. Alichukua taulo safi kwenye kamba, akaukandamiza mkono wa Baba Mdogo kwa nguvu zake zote na kuuinua juu ya kichwa. Alimwita jirani mwenye pikapu kwa sauti iliyowatoa watu wa nyumba tatu.

Ndani ya pikapu Radi alikuwa amepauka, jasho jembamba likimtiririka. Alimwinamia binti wa kaka yake, akanong'ona kwa ukali, “Kioo. Nimeangukia kile kioo cha dirisha. Umenisikia? Ukisema jingine, mimi sina kwangu.”

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, mama mfupi mwenye miwani na mikono isiyotetemeka. Alifungua taulo na kukunja uso. Wakati huohuo mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia Baba. Muuza mboga alikuwa amempa habari njiani. Alikuwa bado amekumbatia boksi la msumeno mpya.

“Umekatwa na nini?” tabibu alimwuliza Radi.

“Kioo.”

“Mbona nyama imechanika hivi?”

“Kilikuwa kioo kibovu.”

Tabibu alimtazama juu ya miwani. “Kaka yangu, mimi natibu kile ninachoambiwa. Ukinipa uongo nitautibu huo uongo, nao mkono utabaki na maumivu yake. Nauliza tena.”

“Nimesema kioo! Shona, niende!”

Tabibu alishusha pumzi, akaanza kuandaa uzi na sindano. Msumari aliutazama mkono wa Baba Mdogo. Vidole viwili vilikuwa vimelala, havinyanyuki hata alipokunja uso kwa maumivu. Mkono ule ndio ulioshika patasi, ndio uliomshika yeye asianguke alipojifunza baiskeli. Alimtazama Baba, aliyesimama hatua chache kutoka hapo. Angesema, Baba Mdogo angefukuzwa. Asingesema, kidonda kingeshonwa juu ya uongo. Alijipiga moyo konde.

“Si kioo!” alilia. “Ni grenda. Ameifunga meno, kinga ameitoa, ubao ukambana. Na mimi nilikudanganya, Baba. Mbao zile hatukukata kwa mkono.”

Radi aliipiga teke meza ya vifaa. Mikasi na bakuli viliruka na kutawanyika sakafuni. “Mnafiki mkubwa wee! Umenitoa nyumbani! Kwa mdomo wako umenitoa nyumbani!” Alitaka kuinuka, damu ikamtoka upya. Baba aliangusha boksi, akavuka chumba na kumshika mdogo wake shingoni, ngumi ikiwa imeinuliwa.

Tabibu alipiga meza kofi zito. “Atakayempiga mtu humu ndani nitamshona mdomo kwa uzi huuhuu!”

Ngumi ilibaki hewani. Kisha ikashuka polepole.

“Nyoosha vidole,” tabibu alimwamuru Radi. Vitatu vilinyooka. Viwili vilikataa. Alikipanua kidonda kwa koleo ndogo, Radi akapiga ukelele, na kutoka ndani kabisa ya nyama akavuta kibanzi cha mbao chenye urefu wa kucha. Akakiinua ili wote wakione.

“Ningeshona juu ya hiki, mkono ungeoza. Na kano zako zimekatika, zile kamba zinazonyanyua vidole. Sasa hivi daktari wa upasuaji anaweza kuziunga. Mngekuja baada ya wiki kadhaa, zingekuwa zimejikunja na kurudi ndani, na wewe fundi usingeshika hata kijiko kwa mkono huo.” Alianza kufunga bandeji. “Nenda hospitali kubwa, sasa hivi. Mshukuru huyu mtoto ukifika.”

Radi hakumshukuru mtu. Alipelekwa akiwa amegeuza uso pembeni.

Jioni ile Baba aliiweka grenda juu ya jiwe, akachukua nyundo kubwa na kuipiga ile diski mpaka ikapinda, akaipiga hadi meno yakaruka, akaendelea kuipiga hata ilipokuwa chuma chakavu tu. Hakuna aliyemsogelea. Kisha alikaa chini akalia, na Msumari, aliyekuwa hajawahi kumwona akilia, alikwenda kukaa karibu naye.

Sakafu ilikamilika Radi akiwa bado hospitalini. Msumeno wa duara ulifanya kazi taratibu, kinga ikijifunga pa kila ubao unapokwisha. Msumari aliruhusiwa kupima na kupiga mistari, lakini si kugusa swichi, na safari hii hakubisha. Mama alivua viatu akakanyaga mbao kutoka sebuleni hadi kibarazani, akarudi tena, akasema, “Sawa.”

Siku Radi aliporudi, mkono ulikuwa ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko. Alisalimu kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, akaingia moja kwa moja chumbani kwake. Alitoka na godoro lake limekunjwa chini ya kwapa la kulia.

“Unakwenda wapi?” Baba aliuliza.

“Ulisema, Kaka.”

Msumari alishika mkono wa Mama.

“Nilisema,” Baba alijibu. “Nilidhani nakutisha uache grenda. Kumbe niliwatisha nyinyi wawili muache kusema kweli. Hilo ni kosa langu, na nimelibeba. Kutumia grenda ile ni kosa lako, na umelibeba mkononi. Weka godoro chini.”

Radi aliliacha likaanguka. Alimgeukia Msumari. “Mimi ndiye niliyekufundisha kudanganya,” alisema. “Tena nikakuita mnafiki mbele za watu. Daktari anasema vidole vitarudi, nikifanya mazoezi. Ungenisikiliza mimi, visingerudi. Nisamehe, mwanangu.”

Msumari alimkimbilia akamkumbatia upande usio na plasta, akilia kwa kwikwi. Alidhani mambo yameishia hapo. Lakini Baba alimwita, akamkalisha mbele yake.

“Pale zahanati ulikuwa jasiri, na sitalisahau hilo,” alisema. “Lakini nilikuuliza swali lilelile asubuhi, hapa nyumbani, kabla mtu hajaumia. Ukweli wa asubuhi na ukweli wa mchana ulikuwa mmoja, mwanangu. Wa asubuhi tungeupata bure. Ule wa mchana baba yako mdogo ameulipia kwa damu. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli mapema, hata kama atakukasirikia, kwa sababu hasira zake zitapoa. Kidole kilichokatika hakioti.”

Msumari aliinamisha kichwa.

“Nimekuelewa, Baba,” alisema. “Nitasema asubuhi.”